Jiwe la Beya

...hapana, si hapo, zungusha tena, mpira wa ndani unateleza mikononi, maji ya beseni yametulia na hakuna kiputo hata kimoja, na mdogo wangu Beya pale kwenye kigoda ameunyosha ule mguu wake ananiambia nisukume chini zaidi, ananifundisha mimi, mimi niliyemfundisha kupanda baiskeli hapa hapa Dilala nyuma ya shule nikikimbia naye nimeshika kiti, haya, nimesukuma chini, tundu limejificha, na kesho baada ya misa ya kwanza padri atapuliza filimbi na sisi wanaume wazima tutaondoka kwenye mbio za kwenda Lubudi, kilomita zaidi ya mia, kwa baiskeli ambazo tangu zinunuliwe hazijui kazi nyingine ila kubeba makala, magunia ya makaa, mimi na miaka yangu arobaini na saba na goti linalolia kila nikichuchumaa, yeye na vyuma ndani ya paja... nini? Anasema maji, mwaka jana tulibeba maji kidogo, ndiyo, nimesikia, chupa mbili kila mtu, ndiyo. Mwaka jana. Anautaja mwaka jana kama mtu anayetaja mvua ya juzi, hana kinyongo, ameshaisamehe barabara, na kwa nini asiisamehe, anaamini ni barabara, mimi je, mimi niliyefika Lubudi mzima... sikufika, nani amefika, niligeuka pale pale kwenye mteremko niliposikia mlio, paa, halafu chuma kikiburuzika, halafu kimya, na yeye kwenye majani anatafuta mguu wake kwa macho kama mtu aliyeangusha ufunguo.

Zungusha. Polepole. Magurudumu mawili ya mbele yameegemea ukuta, nayaona hata nisipotaka, moja lina tairi mpya, lingine lina ile niliyoishona Alhamisi kwa sindano ya magunia na uzi wa nailoni, kipande cha tairi kuukuu ndani, mishono kumi na minne, uzi mara mbili, na jirani alipita akasema mkono wa Tshiamala haujachuja, wabeba makala wote wa upande huu wanajua mkono wangu, tairi niliyoshona mimi inabeba magunia matatu mwaka mzima, na huo si uongo, unasukuma baiskeli kwa miguu, mwendo wa mgonjwa, uzi haushtuki. Lakini baiskeli tupu kwenye mteremko, mtu amekamata breki muda mrefu, gurudumu linachemka, uzi unalegea, mpira wa ndani unachungulia... nani kati yetu alijua? Hakuna aliyejua. Tulidhani kinachobeba magunia matatu hakiwezi kushindwa na mtu mmoja mkondefu. Hilo ningeweza kulisema mbele ya ukoo mzima bila aibu, nilikosea, basi, ni kosa la wabeba makala. Aibu yangu iko kwingine. Aibu ni kwamba mwaka jana tairi mpya ilikuwa moja, kama leo, nikaichukua kwa ukubwa wangu, yeye nikampa ya kushona nikamwambia zote sawa, na aibu kubwa zaidi ni kwamba nilipomfikia kwenye majani niliitazama tairi kwanza. Kwanza tairi, ndipo ndugu. Mshono ulikuwa umefunguka wote, mpira umetoka nje umepasuka, na hatua kama kumi kutoka pale kulikuwa na jiwe, moja la yale yanayoanguka kutoka kwenye malori, lina ukijani wa shaba, nikaliokota, nikaliweka mkononi mwake nikasema ni jiwe, Beya, umekanyaga jiwe. Hakuna aliyeniuliza. Mdomo ulitangulia wenyewe. Na jioni nikaing'oa ile tairi nikaitupa chooni.

Kabedi anaita kutoka jikoni, Tata Jémima, ananiita kwa jina la binti yetu, bukari inapoa, nimemjibu sijui nini, amenung'unika kwamba mbio hizi zitaniua kwa njaa kabla hazijaanza, mke wangu, kama angejua nina nini kooni asingeniwekea ugali huo.

Kwa sababu jiwe lile lipo. Liko dirishani kwake, karibu na picha ya marehemu baba akiwa na kofia ya mgodi, Beya hulipangusa vumbi, wageni wakija analishusha, anasimulia, na mwisho wa hadithi kila mara ninaingia mimi, yaya, kaka mkubwa aliyembeba mgongoni hadi barabarani, aliyesimamisha lori, na wageni wananitazama vizuri, na mimi nakunywa maji. Mwaka mzima nakunywa maji. Nilimbeba kweli. Hilo ni kweli. Lakini ukweli huo nimeuvaa kama shati la sikukuu juu ya mwili ambao haujaoga.

Sasa anasema kitu, anageuza kigoda, anaonyesha ukutani kwa kidole, na najua atakachosema, tangu asubuhi nilikuwa nakikimbia.

"Yaya, mi nitakamata ile ya kushona. Ya mupya ni yako, weye mukubwa. Mushono yako haikunidanganyaka siku hata moja, ile siku ni jiwe tu."

Nimemwambia hapana, kamata mpya, akacheka, akasema watu wa Dilala watamwona mtu wa namna gani, kumpanda kaka yake kichwani, na amesema kwa upendo, hilo ndilo linalonichinja, ananipa tairi nzuri kwa upendo. Naweza kuyabadilisha alfajiri kabla hajaamka, nichukue mimi ya kushona, nishuke polepole... na hapo tena nitakuwa nimechezea magurudumu ya ndugu yangu kwa siri, mara ya pili, na mwezi ujao atakuja na tairi nyingine iliyokatika, shona, yaya, na ataipanda na kushuka nayo popote, maana jiwe limemwambia kwamba mshono haukosei. Na Laure, asubuhi pale bombani, mke wake yule asiyependa maneno mengi, aliweka ndoo chini akanishika mkono, "Yaya, nakupatia ye mu mikono yako," basi, akabeba ndoo akaenda. Mikono gani, Laure? Hii? Hii iliyoshona na hii iliyookota?

Hicho hapo. Kiputo. Kimoja, kingine, vinapanda kwa mstari mwembamba kutoka mahali nilipopita mara tatu, tundu dogo kama jicho la sisimizi, nimeweka kidole, vimekoma, nimeinua, vimerudi. Beya ameviona, ameinama juu ya beseni, kichwa chake karibu na changu, ana mvi mbili juu ya sikio, mdogo wangu ana mvi, anatafuta gundi na kiraka kwenye kopo, anafurahi, tumelipata, anasema, tumelipata, na mimi naogopa, naogopa kama sikuwahi kuogopa mteremko wowote, ataliondoa jiwe dirishani na kuniondoa na mimi, hatanitangulia tena barabarani bila kugeuka nyuma, labda hatakwenda kesho, labda mimi ndiye sitakwenda, na Kabedi atajua, na Laure... lakini atakuwa na mguu. Atakuwa na miguu yote miwili Jumapili jioni. Nikiliweka hilo upande mmoja, upande mwingine ninabaki na jina zuri tu, na jina zuri halijawahi kuteremka mlima badala ya mtu.

"Beya. Ile jiwe haikuwa mu njia. Mi ndiye niliiokota pa kando, nikaitia mu mukono yako."

Hajaniangalia. Kopo la gundi liko mkononi mwake, kifuniko kimefunguliwa, harufu yake imejaa kati yetu, na Kabedi anaita tena kwamba chakula kinapoa. Anatazama ukutani, gurudumu moja, halafu lingine, halafu paja lake, taratibu, kama anayesoma barua iliyochelewa.

"Na pneu?" anauliza habari za tairi. "Ile pneu yangu, ilikwendaka wapi?"

Kidole changu kimeteleza, viputo vimeanza kupanda tena ndani ya maji, na mimi, bila kukiondoa kichwa changu karibu na chake, naanza kumweleza.