Ubongo Mmoja, Vipimo Viwili

Zilibaki wiki mbili mtafiti akabidhi ripoti yake, na majibu yalikuwa yamemgomea. Alikuwa akipima kemikali za ubongo kwa mashine moja ya sumaku, lakini kwa njia mbili, ajue ipi inafaa kufuatilia uzee. Njia ya kwanza ilisema kemikali fulani hupungua sana mtu anapozeeka. Ya pili ilisema haipungui sana.

Ilibidi apime upya, na wazee waliojitolea walishachoka. Kulala nusu saa kichwa kimebanwa, mashine ikigonga kama mafundi bati, si mchezo. Akampigia simu mmoja wao, mshonaji mstaafu, mama wa miaka sabini na minne, akaanza kuomba radhi hata kabla shikamoo haijaitikiwa.

Mama alifika kesho yake asubuhi. Alivua hereni, akatoa pini za nywele, na mwishowe sindano iliyojificha kwenye upindo wa gauni. Akacheka, akasema sindano humfuata kama kivuli. Akapimwa kwa njia zote mbili, akapumzika, akarudiwa tena. Hakutikisa hata kidole.

Majibu yakatofautiana vile vile. Mtafiti alimweleza kwa unyonge.

"Mwanangu," mama akasema, "ubongo wangu ni huu huu, na asubuhi ni hii hii. Usiusingizie uzee wangu. Tazama upimaji wako."

Mtafiti alizikodolea macho picha zake siku tatu. Ubongo ukizeeka husinyaa kidogo, na maji yanayouzunguka huongezeka. Njia ya kwanza ilipima sehemu pana mno, ikayachota na maji hayo, kemikali ikaonekana haba. Alipoyaondoa maji kwenye hesabu za wote, njia zile zikakaribiana. Akashusha pumzi. Nusura awazulie wazee upungufu.

Jioni alimfuata mama nyumbani. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimtoroka mlangoni.

"Asante, mama," akasema. "Bila subira yako ningepotosha watu wengi."

Mama alimvutia kiti. Akamwambia kwamba tangu macho yamkataze kushona, hakuna aliyewahi kumpigia simu kwa kuwa kazi imekwama bila yeye. Kwa hiyo anayepaswa kushukuru ni yeye mama. Mtafiti akapinga, mama akapinga zaidi. Chai ikaletwa, wakaendelea kubishana kwa upole hadi kikombe cha pili, kila mmoja akishikilia kuwa yeye ndiye aliyefadhiliwa.