Ua Lililoliwa Kwenye Njia ya Musonoi

Rachelle Ndaya aligonga mlango wa Mado Jumapili asubuhi, wakati majirani wakijitayarisha kwenda misa. Alivaa viatu vya kutembelea porini na mkoba ulining'inia begani. Mado alipomwona hivyo alimvuta ndani na kufunga mlango.

"Rachelle, uko na akili? Jana tu bamefukuza jamaa ya Tata Kazadi. Batoto balitoka miguu wazi."

"Najua. Njo maana inafaa tuende leo. Kesho sijui kama nitakuwa hapa."

Ilikuwa Machi 1993. Migodi ilikuwa inasimama mmoja baada ya mwingine, mishahara haikuja, na redioni watu walisema Katanga ni ya Wakatanga. Wakasai, ambao babu zao waliletwa kuchimba shaba, waliambiwa warudi kwao. Rachelle hakujua kwao ni wapi. Alizaliwa Kolwezi, baba yake alizikwa Kolwezi, na Kasai hakuwahi kuiona.

Yeye na Mado walifundisha ushonaji katika foyer moja, nyumba ya mafunzo ya wanawake. Miaka michache kabla ya hapo, Profesa Mwamba wa Lubumbashi alikuja parokiani kutafuta watu wa kujitolea. Aliomba wamwandikie mimea na wanyama wa porini wanaowaona karibu na migodi: kitu gani, wapi, siku gani, nani aliona. Walijiandikisha wengi. Wengine walichoka, wengine walikuwa Wakasai na walikwisha kuondoka. Walibaki hao wawili.

Mwaka uliotangulia, kwenye kilima kimoja nyuma ya mgodi wa Musonoi, pale ambapo shaba iko juu juu ardhini na kwa hiyo miti haioti, Rachelle aliona mmea wasioujua. Ulikuwa wa kufika magotini, majani membamba kama uzi, lakini maua yalikwisha kuanguka. Profesa alijibu kwamba bila ua hawezi kusema ni mmea gani. Wangoje mwisho wa mvua.

Sasa mvua zilikuwa zinaisha.

"Badibanga anasema nini?" Mado aliuliza. Badibanga alikuwa mume wa Rachelle, fundi wa mashine.

"Hajui. Alienda kutafuta nafasi kwa treni."

Mado alitaka kukataa. Lakini aliwaza Rachelle akienda peke yake, na hilo lilimwogopesha zaidi. Jamaa yake Mado walitoka Lubudi, Katanga hiyo hiyo. Kwa jina lake hakuna aliyemgusa. Alichukua kitambaa cha kichwani na kutoka naye.

Kilimani walikuwa peke yao. Rachelle aliupata mmea upesi, kama mtu anayejua pa kuweka mguu. Ulikuwa umechanua: maua madogo ya zambarau, yenye alama nyeupe kooni. Alipiga magoti akayaangalia muda mrefu. Mado yeye alikuwa anaangalia njia.

"Fanya haraka," alisema. "Nakuomba."

Rachelle alikata matawi mawili, akayalaza katikati ya kurasa za gazeti, akaandika mahali na siku. Walishuka.

Walipofika kwenye njia ya Musonoi, kamba ilikuwa imefungwa kutoka mti hadi mti. Asubuhi haikuwepo. Vijana walisimama hapo na mapanga, mmoja amevaa kofia ya mgodini. Kurudi nyuma hakukuwezekana, walikwisha kuonekana.

"Bamama, mu sakoshi muko nini?" aliuliza yule wa kofia.

"Majani tu," Mado alijibu.

Kijana alichukua mkoba, akafungua gazeti lililokuwa ndani. Siku hizo kwenye mabomba watu walinong'ona kwamba Wakasai wanatia sumu katika maji kabla ya kuondoka. Mado alikuwa amelisikia mara nyingi na kulipuuza. Sasa aliona uso wa kijana unabadilika, akajua anawaza hilo hilo.

"Majani ya nini?"

"Tunaandika mimea ya hapa," Rachelle alisema. "Kuna profesa anatutuma."

"Jina yako nani?"

"Rachelle."

"Rachelle nani?"

"Rachelle Mwenze," Mado alisema kabla mwenzake hajafungua kinywa, akimpa jina la jamaa yake mwenyewe. "Ni dada yangu. Tunatoka Lubudi."

Kijana aliwaangalia, mmoja halafu mwingine. Rachelle alizungumza Kiswahili cha Kolwezi kama chao wenyewe. Hapakuwa na kitu katika ulimi wake cha kumfichua.

"Hii iko sumu?"

"Haiko sumu."

"Basi mukule."

Mado aliyatazama matawi katika gazeti. Rachelle aliwahi kumwambia kwamba mimea ya vilima vile inavuta shaba kutoka ardhini na kuiweka katika majani. Mingine mbuzi hawaigusi. Na huu hawakuujua. Walitembea kote huko kwa sababu hiyo, kwamba hakuna aliyejua ni nini.

Rachelle alichukua tawi moja. Alianza na maua, kisha majani, akitafuna polepole kama mtu anayekula mboga ya jirani ambaye hataki kumkosea adabu. Alimeza. Kijana alimgeukia Mado.

"Na weye."

Mado aliliweka tawi la pili kinywani. Lilikuwa chungu, halafu ulimi ukaanza kuwasha kama aliyeramba betri. Alimeza na kubana meno.

"Mukae pale chini," kijana alisema. "Tutaona."

Walikaa kando ya njia, juani. Watu wenye baiskeli za makaa walipita wakigeuza macho. Mado alisikiliza tumbo lake. Kila liliponguruma jasho lilimtoka. Alimwangalia Rachelle, naye alikuwa ameweka mkono kwenye koo lake, anahesabu mapigo. Mado aliomba kimoyomoyo asitapike; kutapika tu kungetosha kuwaua.

Lori lilikuja likiwa limejaa vitanda na magodoro ya watu. Vijana walilikimbilia. Yule wa kofia alirudi kwao haraka, akabaki na mkoba, akatupa gazeti mtaroni.

"Muende. Mungekuwa bilulu, mungekuwa mumekwisha kukufa."

Bilulu, wadudu: ndivyo walivyowaita Wakasai. Rachelle aliinuka na kumshukuru. Walitembea bila kukimbia mpaka kona ya kwanza, na huko nyuma ya ukuta wote wawili walitapika.

Nyumbani kwa Rachelle, Badibanga alikuwa amesimama uani katikati ya vyombo vyao, amembeba binti yao Mignonne. Majirani walikuwa wamewapa mpaka jioni wawe wameondoka.

"Nilikutafuta mpaka kwa bamasista," alimwambia mkewe. Sauti yake ilikuwa chini. "Nilisema sasa nitamwambia mutoto nini."

Aliposikia walikokuwa alikaa juu ya sanduku na kufunika uso. Rachelle alisimama mbele yake. Mado alianza kufunga sufuria kwa kitambaa, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Stesheni ilijaa. Watu walilala kwenye sakafu na kando ya reli, wakingoja mabehewa yasiyojulikana yatakuja lini. Mado aliwapelekea bukari, ule ugali wa kwao, na matembele kila siku. Ulimi wake ulikuwa umepona, lakini bado usiku aligusa tumbo.

Siku moja Rachelle aliomba kalamu. Walipasua boksi la sabuni na kuandika upya: mahali, siku, urefu, majani, rangi ya ua. Rachelle alifikiri kidogo, kisha akaongeza: *Ladha: chungu, halafu inawasha ulimi.*

"Hakuna mutu mwengine mu Katanga nzima anaweza kuandika hii," alisema.

Walicheka mpaka Badibanga akageuka kuwatazama. Pale pa mwonaji Mado aliandika majina yote mawili, Ndaya bila kulificha.

Asubuhi moja alikuja na uji na kukuta mahali pao wamekaa watu wengine. Treni ilikuwa imepita. Aliwapa hao uji, akangoja wamalize ili arudi na sufuria yake.

Mado alituma kile kipande cha boksi Lubumbashi, na jibu la profesa lilichukua miezi. Alishukuru, lakini bila ua hakuweza kusema. Mvua zilizofuata zilipokaribia kuisha, Mado alipanda kilima pamoja na kaka yake, moyo ukimdunda njia nzima ingawa kamba ilikwisha kuondolewa. Mmea ulikuwepo. Alituma tawi Lubumbashi kwa mkono wa padre.

Ulikuwa mmea unaojulikana, wenye jina la Kilatini, ila upande huo wa Kolwezi hapakuwa na aliyewahi kuuandika. Kuhusu sumu, profesa alisema hajui.

Mado hakuwa na anwani ya Rachelle. Alimtafuta mfanyabiashara mmoja, Tshilombo, aliyekuwa anasafiri kwenda Mwene-Ditu, kule Kasai ambako treni zilishusha waliofukuzwa.

"Uulize Rachelle Ndaya, muke wa Badibanga, anashona. Umwambie ua iko na jina."

Alimtajia jina hilo la Kilatini, na Tshilombo akalirudia. Alipanda behewa akilirudia bado, na kabla hajapata pa kukaa Mado alimsikia amekwisha kulibadilisha.