Nilivyogoma Ndani ya Kaburi la Mwalimu Kalinga

Mwalimu Aroni Kalinga alizikwa Igowole siku ya Alhamisi, na watu walijaa mpaka nikachukia. Magari yalipangana kuanzia kanisani hadi kwenye mashamba ya chai, na kuku wa kijiji kizima walihamia Mafinga kwa kukosa pa kukanyaga. Mabasi mawili yalitoka Iringa, moja Mbeya. Mimi nilipolazwa hospitali mwaka juzi alikuja kuniona mtu mmoja tu, naye alikuwa amekosea wodi.

Kamati ya mazishi ilitugawia fulana zenye picha ya marehemu. Yangu ilinibana, kwa hiyo uso wa Kalinga ukanenepa juu ya tumbo langu, na kila nikipumua ukawa unacheka. Nikavumilia. Miaka ishirini na mbili nilikuwa dereva wa lori la shule aliyofundisha Jiografia na kunoa wakimbiaji, na muda wote huo yeye aliitwa Kocha, mimi niliitwa "wee dereva."

Kilichonishinda ni wasifu wa marehemu. Aliusoma Eveline, yule msichana aliyeshinda mbio za mita elfu tatu kule Mbeya enzi hizo. Sasa ni muuguzi Iringa mjini, mama mzima mwenye miwani. Alisoma vizuri tu: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto watano, kustaafu. Halafu akafika pale.

"Marehemu ndiye aliyebuni mazoezi ya kukimbiza lori mlimani, yaliyoifanya shule yetu iogopwe kanda nzima."

Watu wakapiga makofi. Msibani! Makofi!

Lori nilikuwa naliendesha mimi. Mlima niliuchagua mimi. Gia niliweka mimi. Nimelisimulia jambo hilo kwenye kila kilabu cha ulanzi kuanzia Igowole hadi Ruaha Mbuyuni, na sikatai, mara nyingine nimeongeza chui mmoja au wawili wanaowafukuza wasichana kwa nyuma, lakini chui ukiwatoa, kinachobaki ni kweli tupu. Leo kweli yangu ilikuwa inasomwa kwa jina la mtu mwingine, na mtu mwenyewe yuko ndani ya jeneza linalong'aa kuliko gari lolote nililowahi kuendesha.

Bahati nzuri mimi ni Mngoni, na Wahehe, kabila la marehemu, ni watani zangu. Mtani msibani anaruhusiwa yote: kumcheka marehemu, kukimbia na sufuria ya wali, hata kulala kaburini mpaka wafiwa wamtoe kwa chochote. Jeneza lilipofika nikamwambia Mchungaji Obeid, "Baba, samahani kidogo," nikashuka shimoni, nikalala chali, mikono kifuani.

Juu kukalipuka kicheko.

"Mtani, toka! Mwenye nyumba kafika!"

"Kamwene mtani, za huko chini! Ulipima lakini? Hilo tumbo halifunikiki!"

Wakaanza kunirushia sarafu. Nikazirusha juu moja moja.

"Sitaki hela!"

Mtani kukataa hela, hiyo haikuwahi kutokea tangu mababu zetu walipoacha kupigana. Kisha wakaanza kurusha noti.

"Nataka wasifu usomwe upya! Mazoezi ya lori nilibuni mimi, Sosthenes Komba! Sitanii!"

Hapo ndipo nilipoharibu. Mtani amelala kaburini anasema hatanii! Mwenyekiti wa kijiji alicheka mpaka akakalia shada la maua.

Eveline akaja ukingoni, akapiga magoti.

"Mzee wangu, toka. Mchungaji anaangalia saa."

"Sema kweli kwanza, mwanangu. Wewe ulikuwepo."

"Niseme yote?"

"Yote!"

Akasimama, akawageukia watu. "Jamani, ni kweli. Tulikwenda msituni kuleta kuni za jikoni. Wakati wa kurudi tukamwimbia mzee huyu wimbo wa tumbo lake. Akasimamisha lori, akasema kuna pancha, tushuke wote. Tuliposhuka tu, akaondoka. Kilomita tisa, mlima mtupu. Mwalimu alikuwa amekaa naye mbele. Akafungua mlango, akaruka, akakimbia na sisi hadi bwenini, na viatu vyake vya ngozi. Kesho yake akamfuata dereva, akamwomba atuache tena."

Watu hoi. "Huyu binti kiboko! Kamjibu mtani kwa utani!"

Basi ndiyo hivyo. Kweli imesemwa mchana kweupe mbele ya halaiki, na hakuna hata mmoja aliyeipokea. Na mimi ile sehemu ya viatu vya ngozi sikuwahi kuisimulia popote. Niliiona kwenye kioo cha pembeni siku ile: tai yake imerukia begani, anamvuta mkono msichana wa mwisho. Ningeweza kukanyaga breki. Nilikanyaga mafuta.

Kisha nikasikia sauti ya Severina, mjane wa Kalinga.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Alikuwa anasema ni wewe. Kila Eveline aliposhinda alitaka kutangaza mbele ya shule nzima. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia, yule Mngoni akisifiwa, kijiji hiki hatutalala."

"Ulimkataza wewe?"

"Miaka yote. Unisamehe. Sasa toka, nimlaze mume wangu."

Hebu fikiria. Miaka thelathini nimemwekea mtu donge, kumbe mwenyewe hajanichukulia kitu. Hata kosa la kumshika nalo kaninyima! Wivu uliokuwa umeanza kupoa ukawaka upya, nikiwa hapo hapo chini, udongo unanidondokea sikioni.

Nikanyoosha mikono, wakanivuta. Jeneza likashuka. Mchungaji alipomaliza, vijana wakaja na makoleo wapokezane kufukia kama ilivyo desturi. Nikawahi la kwanza. Nilipofikisha koleo la ishirini, Brayson, mtoto mkubwa wa marehemu, akanyoosha mkono.

"Baba mdogo, pumzika, tukupokee."

"Kaa pembeni."

"Utaumia mgongo."

"Kaa pembeni, nimesema! Hapa nafukia mimi, na Eveline aandike jina langu kwenye wasifu, herufi kubwa. Nawajua nyie. Kesho mtasema hata kaburi alijifukia mwenyewe."