Mpira Uliofungwa kwa Tyubu ya Baiskeli

Maneno hayo mama mmoja aliyasikia kwenye mashine ya kusaga, siku ya Jumanne, akiwa wa nne kwenye foleni. Eti lile gari bovu lililolala korongoni, lisilo na injini wala vioo, linanuka dizeli mbichi, na mshale wa tangi lake unaonyesha limejaa, ingawa betri iling'olewa zamani. Aliyesema alikuwa mwanamke mmoja mchanja kuni. Alisema huku akikung'uta debe lake, wala hakuinua macho. Wenzake wakaitikia "ehee," foleni ikasogea.

Mama huyo, ambaye mtaa mzima humwita Mama Dereva, alirudi nyumbani na unga kichwani na neno lile kifuani. Angeweza kulipuuza, maana uvumi una miguu lakini hauna macho. Ila injini ya gari lile la korongoni alijua iliko. Ilikuwa ndani ya gari analoendesha binti yake.

Binti alikuwa dereva wa zahanati. Kazi yake ni kupanda vilima kuwafuata wagonjwa, kule ambako barabara ni jina tu. Gari lake lilikuwa na bodi nzima na injini iliyokufa. Gari la pili la zahanati lilipotumbukia korongoni pamoja na dereva wake, bodi ilikunjamana, injini ikasalimika. Msimamizi wa magari akasema wafu na wasaidiane. Injini ikatolewa kule, ikafungwa huku, pamoja na chujio lake na mipira yake ya mafuta, kwa kuwa kutafuta mingine ni usumbufu.

Tangu hapo gari halikutulia. Uwanjani linawaka vizuri. Likifika mlimani linakohoa mara mbili, linazima. Binti anashuka, anafungua boneti, anapiga pampu ya mkono mpaka hewa itoke, anawasha, anapanda hatua ishirini, linazima tena. Mwanamke mmoja alijifungulia kwenye kiti cha nyuma gari likiwa limezima mara ya sita. Usiku huo binti alilala na viatu.

Fundi wa zahanati anaitwa Sikio, kwa sababu hutambua ugonjwa wa gari kwa kusikiliza. Alibadilisha chujio. Akatoboa kifuniko cha tangi, isije ikawa tangi limekosa pumzi. Akapuliza bomba kwa mdomo mpaka mashavu yakamuuma. Akaninginiza chupa ya dizeli juu ya injini na kuinywesha moja kwa moja, nayo ikanguruma bila kusita mpaka chupa ikakauka. "Kumbe mgonjwa si injini," akasema. "Ni koo."

Mwisho akaunga kipande cha mpira mweupe, ule unaoonekana ndani, apate kutazama kama kuna mapovu. Alichoona ni mafuta yakirudi nyuma, bila haraka, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kulipokucha tangi lilikuwa tupu, na chini hapakuwa na hata tone.

"Yanavuja?" akauliza Mama Dereva. Siku hizo alikuwa akipeleka chai gereji ili apate kuchungulia.

"Hayavuji, mama. Yanaondoka."

"Basi mimi najua yanakokwenda. Nawa mikono twende."

Waliteremka korongoni alasiri, mama mbele, fundi nyuma. Gari lilikuwa limelalia ubavu, nyasi zimeota kwenye matairi. Kwenye usukani alikaa marehemu dereva wake, mikono ya shati imekunjwa kama kawaida yake. Alipokuwa hai walimwita Taratibu, kwa sababu mwendo wake ulikuwa unapitwa na baiskeli. Ripoti ya ajali iliandika kwamba alikufa kwa mwendo kasi. Hakuna aliyecheka.

"Shikamoo, mzee," akasema fundi.

"Marahaba. Umekonda, Sikio. Mama, hujambo?"

"Sijambo, baba. Tumefuata mafuta ya zahanati."

"Chukueni. Mimi sijayaita, yanakuja yenyewe yananikuta nimekaa. Nadhani yamezoea." Akanyoosha kidole kwenye shimo lililokuwa na injini. "Hapo palikuwa na mpira, kati ya chujio na pampu. Ulikuwa na ufa. Ukipanda mlima unavuta hewa, injini inazima, breki inakuwa nzito kama ukuta, gari linarudi nyuma. Niliandika kwenye daftari mara tatu."

Mama akamgeukia Sikio. Sikio alikuwa anatazama viatu vyake. Gari zima alikuwa amelishika, kila nati na kila bomba, isipokuwa ule mpira.

"Niliufunga kwa tyubu ya baiskeli," akasema. "Niliambiwa funga, nikafunga. Nikajua nikiushika tena itabidi niseme ni nani aliyeufunga."

"Na wewe ndiye unayenywa chai yangu," akasema mama.

"Ndiyo, mama."

"Msigombane," akasema Taratibu. "Na mkifika kwa msimamizi, mwambieni sikukimbia. Gia ya kwanza, mwanzo mpaka mwisho."

Msimamizi wa magari aliwasikiliza huku akipanga kalamu zake. Alipoambiwa kuhusu marehemu aliuliza kama yupo kwa zamu ya asubuhi au ya mchana. Kisha akatoa daftari. Taarifa tatu za Taratibu zilikuwemo, mwandiko mzuri, na kila moja imegongwa muhuri: IMEONEKANA.

"Mpira huo siwezi kuuagiza," akasema. "Ni kifaa cha gari lililofutwa, na gari lililofutwa haliagiziwi kitu. Gari la binti yako nalo, kwenye karatasi, bado lina injini yake ya zamani. Injini ile haina mpira wa namna hiyo. Nitaandika nini?"

"Andika mwanangu atakufa."

"Mama, hilo nalo lina fomu yake, lakini hujazwa baadaye."

Mama Dereva alikaa kwenye benchi la ofisi hadi miguu ikafa ganzi. Alichoambulia ni utaratibu mpya. Kwa kuwa mafuta hayapotei bali yanahama tu, kila asubuhi Sikio atateremka korongoni na dumu, atayafyonza, Taratibu atasaini kwamba ameyatoa. Taratibu alikubali. Kwenye fomu, mbele ya jina lake, palichapwa tayari: dereva, mwendo kasi. Alisaini pembeni.

"Acha kazi, mwanangu," mama akamwambia binti jioni ile.

"Nikiacha, wa kule juu watashuka na nini? Wabebwe juu ya mlango wa mbao?"

"Washuke na gari zima."

"Hilo zima liko wapi, mama? Nionyeshe nikaliendeshe."

Mama hakuwa nalo. Akamwekea chakula.

Siku hizi binti akifika mwinuko mkali na gari likazima, Taratibu hupanda kutoka korongoni, huweka jiwe nyuma ya gurudumu, kisha hushika kiuno akisubiri. Binti hupiga pampu, hutoa hewa, huwasha. Wagonjwa humsalimia mzee, naye huwauliza hali za nyumbani. Tyubu ya baiskeli bado iko palepale. Mwezi huu imeongezwa mzunguko mmoja.

Basi mwenye mtoto anayepanda milima na gari lililobadilishwa injini, aepuke haya:

Kuhamisha injini pamoja na mipira yake mikongwe.

Kufunga ufa wa mpira wa mafuta kwa tyubu, kamba au gundi, hata kwa siku moja. Ya siku moja ndiyo inayokaa mwaka.

Kulijaribu gari uwanjani, kwenye tambarare, na kusema limepona.

Fundi anayeruka sehemu moja kila akikagua.

Kukubali muhuri wa "imeonekana" kabla hujauliza nani ameona.

Kupanda bila jiwe lako mwenyewe garini. Taratibu ni mtu mzima, na juzi alilalamika mgongo.