Kumi na Mbili Hadi Mbili

Kazini walimwita Kola, kwa kuwa kwa miaka sita hakuna shati la mhudumu wa hoteli lililotoka katika kiwanda kile cha kufulia bila kola yake kupita chini ya pasi yake. Alisimama mbele ya mashine ya mvuke tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, akikaa mara moja tu, robo saa, kula. Sheria ya kazi ilikuwa imebandikwa ukutani karibu na choo, nayo ilisema saa tisa kwa siku, basi. Wafanyakazi waliisoma wakisubiri zamu ya kuingia. Msimamizi aliiita karatasi ile hadithi za chooni, nao wakacheka, kwa kuwa aliyecheka naye hakupangiwa mashine mbovu.

Kola hakuichukia kazi. Jambo lililomsumbua lilikuwa binti yake wa miaka minne, aliyelala saa moja na nusu usiku. Waliishi kwa mama yake Kola, pamoja na watoto watatu wa kaka yake, na watoto hao walimwita Kola shangazi. Taratibu binti naye akaanza kumwita shangazi. Bibi alimsahihisha, mtoto akaitikia vizuri, kesho yake akarudia palepale. Hakuwa mkaidi. Alimwita mtu yule kama alivyosikia akiitwa na wale alioshinda nao.

Kwa hiyo Kola alikwenda kwenye ofisi ya kazi. Alitaka jambo moja: atoke baada ya saa tisa za kazi, afike nyumbani mtoto akiwa macho. Karani alimpa fomu yenye visanduku viwili vya tarakimu, kimoja cha KUINGIA na kingine cha KUTOKA. Hakukuwa na nafasi ya kuandika asubuhi wala usiku. Kola akaandika 12 na 2, kama ambavyo angejibu mtu yeyote aliyemuuliza barabarani. Kwenye anwani akaweka sanduku la posta la kiwanda, kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa na sanduku. Akatia sahihi, akarudi akiwa mwepesi.

Uamuzi ulimfikia kwa mkono wa msimamizi, bahasha ikiwa imeshafunguliwa. Aliusoma mara tatu akiwa amesimama. Ulisema kuwa mlalamikaji, kwa maelezo yake mwenyewe, huingia kazini saa 12:00 mchana na kutoka saa 14:00. Kwamba hizo ni saa mbili kwa siku. Kwamba mwajiri aliulizwa akajibu kwa maandishi kuwa anakubaliana kabisa na maelezo ya mlalamikaji. Na kwamba malalamiko hayana msingi.

Aliomba ruhusa ya kwenda hospitali, akaenda ofisi ya kazi. Afisa aliyempokea alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alilifungua faili, akaitazama ile 12 na ile 2.

"Dada, mimi nimekuelewa," alisema. "Hata mimi hapa naingia saa mbili. Lakini kompyuta haina saa mbili ya kwetu. Karani ameingiza ulichoandika."

"Basi si arekebishe?"

"Angerekebisha kabla ya uamuzi. Sasa ni rufaa, na rufaa ni siku kumi na nne tangu tarehe hii hapa."

Kola alihesabu kwa vidole. Zilikuwa zimepita siku kumi na tisa, na kumi na mbili kati ya hizo barua ilikuwa mezani kwa msimamizi. Afisa alimweleza, bila haraka, kwamba barua iliyofika kwenye anwani aliyoitoa mwenyewe inahesabiwa imemfikia, na kwamba lalamiko lilelile haliletwi tena mpaka upite mwaka mmoja. Kola aliuliza kama mwajiri hakusema uongo. Afisa aliisoma tena ile barua ya mwajiri, sentensi yake moja.

"Amesema anakubaliana na wewe," alisema. "Huo si uongo."

Alimsindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo pengine hakulifanya kwa kila mtu, akamwambia mara nyingine aandike kwa saa za kompyuta. Kola alimshukuru. Njia nzima alijaribu kumpata wa kumlaumu. Karani alinakili alichokiona, afisa alifuata kanuni, na sahihi ilikuwa yake.

Kiwandani habari ilimtangulia. Wanawake wawili wa upande wa mashuka, waliokuwa wameahidi kupeleka malalamiko yao baada ya yake, hawakuyataja tena. Siku ile ilipofika saa nane mchana, msimamizi alipita karibu na mashine yake, akatazama saa ya ukutani, akamuuliza mbona bado yupo, serikali si imesema atoke. Watu waliangua kicheko. Kola naye alicheka. Kufikia mwisho wa wiki hakuna aliyemwita Kola tena. Walimwita Saa Mbili.

Jumatatu iliyofuata, wakati anafunga viatu kabla hakujapambazuka, binti yake aliamka na kukaa kitandani katikati ya wenzake waliolala.

"Shangazi, unarudi saa ngapi?"

"Saa mbili."

Mtoto alifikiri kidogo.

"Saa mbili ya kuamka au ya kulala?"

Hakuna mwingine aliyekuwa amemuuliza hivyo. Kola alifunga kiatu cha pili, akamvutia shuka, akamwambia ya kulala.