Hayuko Popote

...na sasa mwalimu mkuu analitaja neno imani kwa mara ya tatu, anasema shule hii inaheshimu imani ya kila mtu, hata hiyo ya kwenu, baba, na mimi nataka kumkatiza, kwetu hakuna imani, mwalimu, hilo ndilo jambo lenyewe, hakuna, utaheshimuje kitu kisichokuwepo, lakini nimekaa kwenye kiti cha plastiki cha watoto, magoti yamenifika kifuani, nimetoka kazini moja kwa moja na mikono inanuka mafuta ya kompresa, si mkao wa kubishana, na kando yangu amesimama binti yangu wa miaka tisa, Kiberiti, nyumbani tunamwita hivyo kwa jinsi anavyowaka upesi, sketi imenyooka, mikono nyuma, hana dalili ya hofu, na upande wa pili wa meza amekaa mama wa rafiki yake, mwanamke mwembamba ambaye hajanitazama tangu niingie, ameukumbatia mkoba mapajani kama mtu aliye kwenye foleni, mwezi uliopita alizika mtoto, binti yake mdogo wa miaka minne, homa ya siku mbili tu, hilo nililijua, mke wangu alikwenda msibani, mimi nilikuwa na kazi, nilisema nina kazi... "Hebu mwambie baba yako ulimwambia nini mwenzako," anasema mwalimu mkuu, na Kiberiti anajibu kwa sauti ile ya kusomea mashairi mbele ya darasa, "Kila mapumziko anakwenda nyuma ya darasa kuongea na mdogo wake. Nikamwambia hakusikii, hayuko popote. Mtu akifa ni kama friji ukiichomoa kwenye umeme, ile baridi haiendi mahali, inaisha tu," na mkoba wa yule mama unalia kidogo, ngozi inavyolia ikibanwa, na mimi nainamisha macho kwa sababu friji hiyo ni yangu, maneno ni yangu, hakuacha hata herufi, miaka ishirini natengeneza mafriji na vyumba vya baridi, vya wauza nyama, vya wauza maua, hata lile jokofu la hospitali wanamolaza maiti, niliingia na tochi na bisibisi nikabadilisha feni huku wenyewe wamelala pembeni kwenye droo zao, nikatoka nikajisifu, nimekaa nao saa nzima, hakuna kitu, na wateja huwa nawaambia baridi si kitu, bwana, hatuingizi baridi humu, tunatoa joto tu, kinachobaki ndicho hicho, na mambo ya dini nayo niliyasema vivyo hivyo, mimi sikuingiza kitu kichwani, nimetoa tu... lakini hicho kisicho kitu kilinibandua ngozi ya vidole viwili kwenye bomba, na kina kuta nene, kina mlango mzito, kina mpira wa kuziba pembeni, na ukiacha upenyo hata wa unywele kinaharibika, sijui kwa nini jambo hili sikuwahi kulifikiria... "Baba, unanisikia?" anasema mwalimu, nasema nakusikia, mwalimu, na simsikii, namsikia mke wangu akikunja nguo kitandani, yeye ana siku yake ya ibada, anakwenda, anarudi, hagombani na mtu, akaniambia bila hata kuinua uso, "Wewe hujaacha dini, mume wangu. Umehama tu," nikacheka, nikamwambia asiyevuta sigara utamwuliza anavuta ya aina gani, nikaona nimemweza, naye akakunja shati, akakunja suruali, ndipo akasema, "Sijawahi kumwona asiyevuta sigara akimkalisha mtoto kila jioni amfundishe kutovuta," nikatoka chumbani nikiwa bado nacheka, maana kweli ilikuwa kila jioni, vyombo vikishaoshwa, mimi na Kiberiti mezani, nani alizitengeneza nyota, hakuna aliyezitengeneza, ni gesi iliyojikusanya, vizuri, nani anakuona ukiwa peke yako, hakuna anayeniona, vizuri, mtu akifa anakwenda wapi, haendi popote, vizuri... na ile vizuri, jamani, ile vizuri na kidole kinachogonga meza mara moja, si yangu, ni ya marehemu baba, mimi nikiwa na miaka tisa hiyo hiyo, swali la kwanza, swali la pili, ukikosea neno unarudi mwanzo, na usingizi umenijaa machoni, nilikimbia nyumba ile nina miaka kumi na tisa nikabamiza mlango, nikajiona nimetoka mikono mitupu, kumbe niliibeba ile meza mgongoni... "Basi tufanye hivi," mwalimu mkuu anasema, "mwanangu, muombe mama msamaha, yaishe," na Kiberiti hapepesi macho, anasema, "Siwezi kusema uongo, mwalimu. Nilisema kweli," na hayo nayo si yake, hayo niliyasema mimi wodini miaka kumi na moja iliyopita, baba amekonda hadi pete inazunguka kidoleni, hakuna mwingine aliyefika bado, akajiombea mwenyewe kwa pumzi za kukatika, akafika mwisho, akanitazama, "Itikia tu, mwanangu. Neno moja," nikamwambia siwezi kusema uongo, baba, naye hakukasirika, laiti angekasirika, alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa, akaitikia mwenyewe, kwa sauti ndogo, na kisa hicho nimekisimulia miaka yote kama siku yangu ya ushujaa, nimewasimulia mafundi wenzangu tukinywa chai, nimemsimulia Kiberiti, akawa ananiomba nikirudie jinsi watoto wengine wanavyoomba hadithi za sungura, na hapa kwenye kiti cha plastiki ndipo najiuliza uongo gani, lile neno halikuwa ushahidi wa mahakamani, mzee alitaka sauti ya mtu wa pili mle chumbani basi, na mtu asiyeamini chochote neno moja lingemgharimu nini, anayeogopa kukufuru ni yule mwenye kitu cha kukufuru, na mimi niliogopa, niliogopa kweli, nilikuwa na kitu changu kitakatifu na nikakilinda dhidi ya mgonjwa asiyeweza hata kukaa... "Mimi sikuja kutafuta msamaha, mwalimu," anasema yule mama, ndiyo mara ya kwanza naisikia sauti yake, ya chini, imechakaa, "mwanangu ameacha kuongea. Si na mdogo wake tu, hata na mimi. Toka juzi. Ndiyo maana nikataka kumwona baba wa huyu mtoto," na sasa ananitazama, macho hayana ugomvi, ndilo linalonitisha, "Kaka, wewe haya mambo unayajua. Yule mwanangu mdogo yuko wapi?" na jibu liko tayari, maneno mawili, yako ncha ya ulimi kama yalivyokaa kila jioni, wala sijaanza kuamini, najichungulia ndani na hakuna kilichobadilika, simwoni mtoto wake mahali, simwoni baba mahali, lakini kutoona ni jambo lililonipata tu, kama upara ulivyonipata, sikuuchagua, hauna masharti, haunitumi kwa mtu, na haya mengine, meza, maswali, vizuri, siku ya ushujaa, haya nimeyajenga mwenyewe kwa mikono hii na nikamweka mwanangu ndani, na huyu mama haniulizi anwani, amechoka kuwa peke yake na swali, nami naweza kumwambia sijui, dada, sijui, pole, nilipaswa kuja msibani, kisha ninyamaze naye, mwalimu mkuu ameinua kalamu, mkoba uko mapajani, na Kiberiti ananitazama, midomo yake imeanza kulitamka lile jibu bila sauti, pole pole, ili nimsome, anadhani nimelisahau, nami namtikisia kichwa, kidogo tu, asiliseme.