Nyuzi Nyekundu Maabarani

Xiuhe alipofungua kasha maabarani alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Mizizi yote sita ya dawa ya jinsengi ilikuwa na nyuzi nyekundu. Jana mitatu tu ndiyo iliyofungwa: ile ya porini, aliyoichimba Mjomba Qu mlimani Changbai. Mitatu ya baba yake, aliyoiotesha mwenyewe msituni kwa mbegu, aliiacha bila uzi ili asiichanganye.

"Baba! Umegusa kasha?"

"Nilipokuletea mikate ya mvuke," Mzee Luan alijibu bila haya. "Nikaikuta yangu iko uchi. Jinsengi isiyofungwa uzi hutoroka, mwanangu. Nani asiyejua?"

"Itorokee wapi? Imechimbwa, imekauka, iko ndani ya kasha!"

"Na je, imetoroka?"

Mjomba Qu alicheka hadi akashika meza. "Shemeji, figili kama hizi zako hazitoroki. Hazina pa kwenda."

Mzee Luan hakucheka. Miaka yote wanunuzi walisikiliza ulimi wa shemejiye, naye alishaapa: mashine ya kupima dawa nayo ikisema yake ni figili, ataing'oa yote msituni. Xiuhe, shahada yake bado inanukia wino, ndiye aliyemsihi asubiri kipimo.

"Mashine haijali nyuzi," alisema, akijipa moyo. Alikata kipande cha kila mzizi, akakisaga, akakiloweka, akailisha mashine.

"Zangu zitapanda kama mlima," Mjomba alitamba. "Zako zitalala kama mkeka."

Grafu ya kwanza ikapanda. Kadiri kilele kilivyokuwa kirefu, ndivyo dawa ilivyokuwa nyingi mzizini. Ya pili ikapanda. Ya tatu, ya nne. Mzee Luan aliifinyanga kofia yake mikononi. Ya tano ikazipita zote, na ya sita ikaja nyuma yake.

Hakuna iliyolala.

"Huo wa tano wangu!" Mjomba aliruka. "Damu ya porini hiyo! Nipe!"

Xiuhe akampa. Baba yake akachungulia.

"Shemeji, hebu ugeuze."

Begani mwa mzizi palikuwa na kovu la meno ya panya.

"Panya huyo nilimfukuza kwa ufagio masika mazima, nawe ukinicheka kutoka nje ya uzio!"

Mjomba alilipapasa kovu, akataka kuurudisha mzizi mezani. Lakini mlimani, aionaye jinsengi sharti apige ukelele kwa jina lake la wachimbaji: rungu. Akinyamaza, bahati humkimbia.

"Rungu," Mjomba alinong'ona.

"Sisikii!"

"RUNGU!"

"Rungu gani?"

"La majani sita, kubwa kuliko yote! Hongera, mkaidi wewe, hongera!"

Xiuhe alikuwa akirukaruka katikati ya chupa, akipiga kelele kwamba mizizi sita haithibitishi kitu, lazima warudie kwa mingi zaidi, lakini hata yeye hakujisikiliza. Baba yake alikuwa amepiga magoti, akifunga uzi mwekundu kwenye mguu wa mashine.

"Baba, hiyo nayo?"

"Isije ikatoroka kabla sijaleta mingine."